Kesi Ikifutwa Bila Maelezo, Nani Ameshinda?

Aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya mahakama zetu ameisikia kauli hii: Mkurugenzi wa Mashtaka hana nia ya kuendelea na shauri. Hakimu anaandika mstari mmoja kwenye jalada, mshtakiwa anaachiwa, ndugu wanampokea nje. Hakuna anayemweleza kwa nini alikamatwa, wala kwa nini ameachiwa. Muda aliokaa mahabusu ndio umekwenda. Siku akienda kwa wakili kuuliza kama anaweza kudai fidia, swali la kwanza atakaloulizwa ni: kesi yako iliishaje? Na hapo wengi hukwama, kwa sababu hawakushinda wala hawakushindwa. Ilifutwa tu.

Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, likajibiwa Aprili 4, 2022 katika shauri la Thompson dhidi ya Clark. Nimelichagua kwa uchambuzi kwa sababu ni dogo. Hakuna maiti, hakuna mabilioni, hakuna mwanasiasa. Kuna baba wa mtoto mchanga, askari, siku mbili za mahabusu na mashtaka yaliyoyeyuka. Kesi za namna hii ndizo zinazowakuta watu wengi, na ndizo ambazo mawakili wengi huzikwepa.

Usiku mmoja Brooklyn

Thompson alikuwa akiishi kwenye fleti Brooklyn, New York, na mchumba wake, ambaye baadaye alimwoa, pamoja na binti yao wa wiki moja. Shemeji yake naye alikuwa akikaa hapo kwa muda. Kumbukumbu za mahakama zinasema shemeji huyo alionekana kuwa na ugonjwa wa akili. Usiku wa Januari 15, 2014 alipiga namba ya dharura 911 na kudai kuwa Thompson anamnyanyasa mtoto kingono.

Wahudumu wawili wa gari la wagonjwa wakafika. Thompson hakujua kuwa kuna simu iliyopigwa. Akawashangaa, akawaambia hakuna aliyewaita. Wakaondoka, wakawaarifu polisi, wakarudi wakiwa na askari wanne. Thompson akawaambia askari hawawezi kuingia bila hati. Wakaingia, wakamfunga pingu.

Mtoto akapelekwa hospitali. Madaktari wakamkagua, wasione dalili yoyote ya unyanyasaji. Wekundu uliokuwa kwenye ngozi yake ulikuwa upele wa nepi, kitu ambacho mama yeyote aliyelea angekitambua.

Kwa hiyo tuhuma iliyowaleta askari ilikufa usiku ule ule. Hakuna aliyemshtaki Thompson kwa kumdhuru mwanawe. Lakini hakurudi nyumbani. Alifunguliwa mashtaka mawili: kuzuia watumishi wa serikali kutekeleza kazi yao, na kukataa kukamatwa. Yaani kosa alilobaki nalo lilizaliwa na tukio lenyewe la kukamatwa. Wanaofuatilia kesi za jinai Dar es Salaam au Nairobi wanayajua mashtaka ya aina hii. Tuhuma kubwa ikianguka, huibuka ndogo ya kumzuia ofisa wa polisi kutekeleza majukumu yake, na mara nyingi kazi yake ni kumlinda aliyekamata kuliko kumwadhibu aliyekamatwa.

Alikaa ndani siku mbili. Baadaye, kabla kesi haijaanza kusikilizwa, upande wa mashtaka uliomba ifutwe na hakimu akaifuta. Si mwendesha mashtaka wala hakimu aliyetoa maelezo yoyote.

Alipogeuka kuwa mdai

Thompson alifungua kesi ya madai dhidi ya askari waliohusika, akiwamo Clark ambaye jina lake limebaki kwenye shauri. Alitumia kifungu ambacho wanasheria wa Marekani hukiita kwa namba yake, 1983. Kifungu hicho kinamruhusu mtu kumdai fidia mtumishi wa umma wa jimbo au mji aliyemvunjia haki zake za kikatiba. Kilitungwa mwaka 1871, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ndani ya sheria iliyolenga kupambana na Ku Klux Klan, wakati Wamarekani weusi wa majimbo ya Kusini walipokuwa hawapati msaada wowote kwa maofisa wa maeneo yao. Mwaka huo wa 1871 tutaurudia.

Kwanza niseme jambo ambalo wanaosimulia kisa hiki kwa shauku huliruka. Madai yake mengine, likiwamo la askari kuingia nyumbani isivyo halali, yalipelekwa mbele ya juri, na juri ikawapa askari ushindi. Raia wa kawaida waliosikiliza ushahidi hawakuona kosa katika kuingia mle ndani. Ni jambo la kukumbuka, kwa sababu inaonyesha kuwa dai la kukamatwa vibaya na dai la kushtakiwa bila sababu za msingi ni madai mawili tofauti. Mtu anaweza kushindwa hili na kubaki na lile.

Dai la kushtakiwa bila sababu halikufika hata kwa juri. Jaji wa shirikisho, Jack Weinstein, alilitupa kwa hoja ya kisheria. Mahakama ya Rufaa inayosimamia New York, Connecticut na Vermont ilikuwa imekwisha kuamua mwaka 2018, katika shauri la Lanning, kwamba haitoshi mdai kuonyesha kuwa kesi ya jinai iliondolewa. Lazima aonyeshe kuwa iliisha kwa namna inayodhihirisha hana hatia. Kesi ya Thompson ilifutwa bila neno, na ukimya haudhihirishi chochote. Weinstein alifungwa na uamuzi wa walio juu yake, lakini hakuficha kuwa kwa maoni yake kanuni ile ilifaa kubadilishwa. Alifariki Juni 2021 akiwa na miaka 99, miezi michache kabla ya Mahakama ya Juu kusikiliza hoja.

Hapa ndipo msaada wa kisheria unapoonekana thamani yake. Kesi ya siku mbili za mahabusu haina fedha ya kumvutia wakili kuipandisha hadi ngazi ya mwisho. Aliyesimama mbele ya majaji tisa kwa niaba ya Thompson, Oktoba 2021, alikuwa Amir Ali wa MacArthur Justice Center, shirika lisilo la kibiashara linaloendesha mashauri ya haki za raia. Sasa ni jaji wa shirikisho jijini Washington. Shirika kama hilo halitazami fidia ya mteja peke yake, linatafuta kisa kisafi cha kubadilishia kanuni. Na kisa hiki kilikuwa kisafi: ukiondoa swali la namna kesi ilivyoisha, hakukuwa na kingine cha kubishania katika ngazi ile.

Walichosema majaji

Majaji sita kati ya tisa walikubaliana na Thompson. Jaji Brett Kavanaugh, mhafidhina aliyeteuliwa na Rais Trump, ndiye aliyeandika uamuzi. Njia yake ilikuwa ya kihistoria. Kifungu kilitungwa mwaka 1871, akasema, basi tutazame mahakama za Marekani wakati huo zilielewaje dai la kushtakiwa kwa hila. Akakuta kuwa nyingi zilikubaliana: ilitosha mdai kuonyesha kuwa kesi iliisha bila kutiwa hatiani. Kama mwendesha mashtaka aliiondoa mwenyewe, au hakimu aliifuta, mlango ulikuwa wazi.

Historia iliwaridhisha majaji. Mimi hoja iliyonikaa ni ya pili, ile ya akili ya kawaida. Chukua watu wawili. Wa kwanza ana kesi yenye ushahidi kiasi, inafika mwisho, anashinda, ana hukumu mkononi inayosema hana hatia. Wa pili ana kesi mbovu kiasi kwamba mwendesha mashtaka mwenyewe anaona haya kuiendeleza, anaiondoa kimya kimya. Kwa kanuni ya zamani, wa kwanza anaweza kudai fidia na wa pili hawezi. Yaani kadiri kesi ilivyokuwa haina msingi, ndivyo aliyeonewa alivyokuwa na nafasi ndogo ya kulalamika. Na serikali ilipewa njia rahisi ya kukwepa dai: iondoe kesi, usiseme kwa nini.

Jaji Samuel Alito alipinga, akiungwa mkono na Clarence Thomas na Neil Gorsuch. Aliona wenzake wameunganisha vitu viwili visivyo na undugu, haki ya kikatiba ya kutokamatwa ovyo na kosa la madai la kushtaki kwa hila, wakazaa kiumbe mfano wa yule wa visasili vya Wagiriki mwenye kichwa cha simba, mwili wa mbuzi na mkia wa nyoka. Hoja yake si ya kubeza. Kukamatwa hutokea dakika moja na kufunguliwa mashtaka huja baadaye, na anayefanya la kwanza si lazima awe ndiye anayefanya la pili. Lakini kwa mtu aliye ndani, tofauti hiyo haionekani. Anajua tu kwamba karatasi iliyoandikwa na askari ndiyo inayomzuia kutoka.

Sasa, Thompson alipata nini Aprili 2022? Senti hakupata. Kesi ilirudishwa chini, na uamuzi wenyewe ulitaja maswali yaliyobaki: je, kweli mashtaka yalikosa sababu za msingi? Je, alishikiliwa kwa sababu ya mashtaka hayo? Na je, askari analindwa na kinga?

Kinga ndiyo ukuta mkubwa kuliko yote. Askari Marekani hulipa tu pale inapoonyeshwa kuwa haki aliyoivunja ilikuwa imekwisha kuwa wazi kisheria wakati huo. Mwendesha mashtaka ana kinga kubwa zaidi. Tangu uamuzi wa Imbler wa mwaka 1976, hashitakiki kabisa kwa fidia kuhusu kazi ya kufungua na kuendesha kesi, hata akiwa na nia mbaya. Ndiyo maana mdaiwa katika kisa hiki ni askari aliyeandika malalamiko, na si ofisi iliyoyapokea na kuyapeleka mahakamani.

Miaka miwili baadaye, Juni 2024, mahakama hiyo hiyo iliongeza tofali jingine katika shauri la Chiaverini dhidi ya mji wa Napoleon, jimboni Ohio. Sonara mmoja alinunua pete kwa dola 45, ikadaiwa ni ya wizi. Akashtakiwa kwa kupokea mali ya wizi, kufanya biashara ya madini ya thamani bila leseni, na kutakatisha fedha. Msomaji wa Tanzania anisamehe kwa kutabasamu hapo, maana hilo la mwisho tunajua linavyotumika: likiunganishwa kwenye hati ya mashtaka, dhamana inaondoka. Majaji sita walisema kuwa kuwepo kwa sababu za msingi kwa shtaka moja hakulisafishi shtaka jingine lisilo na msingi lililobandikwa pembeni. Aliyebebeshwa mashtaka matatu anaweza kulalamikia lile moja la uongo.

Kampala na Nairobi walifika mapema

Kilichonifanya niandike ni hiki. Swali ambalo Wamarekani walilimaliza mwaka 2022, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililigusa mwaka 1972.

Mahakama hiyo ilikuwa ikisikiliza rufani za Kenya, Uganda na Tanzania hadi ilipokufa pamoja na Jumuiya ya zamani mwaka 1977. Maamuzi yake bado yananukuliwa katika nchi zote tatu. Katika shauri la Egbema dhidi ya utawala wa West Nile, Uganda, mrufani hakuwa ameachiwa huru kwa hukumu. Shtaka lake lilikuwa limefutwa tu, na kisheria angeweza kushtakiwa tena. Mahakama ikatazama kalenda: karibu miaka mitano ilikuwa imepita na hakuna aliyefungua kesi mpya. Ikasema basi ichukuliwe kuwa mashtaka yaliisha kwa faida yake.

Mwaka huo huo, katika shauri la Mbowa dhidi ya utawala wa East Mengo, mahakama iliweka nguzo nne ambazo wanafunzi wa sheria wanaziimba mpaka leo. Mdaiwa awe ndiye aliyeanzisha mashtaka. Awe hakuwa na sababu za msingi na za kuridhisha. Awe alisukumwa na nia ovu, yaani alitumia mahakama kwa kusudi lisilo la mahakama. Na mashtaka yawe yaliisha kwa faida ya mdai. Tanzania nguzo hizo zimo katika uamuzi wa Jeremiah Kamama wa mwaka 1983, unaonukuliwa karibu kila mara dai hili linapofunguliwa. Zote zisimame kwa pamoja. Ikianguka moja, dai limeanguka.

Nguzo ya sababu za msingi haipimwi kwa matokeo. Hili linawaangusha wengi. Kushinda kesi ya jinai hakumaanishi ulishtakiwa bila sababu. Jaji Rudd, katika shauri la Kagane la Kenya mwaka 1969, alitaka ujiulize: mambo ambayo mshtaki aliyajua wakati ule yangemfanya mtu makini na mwangalifu aamini kuwa mtuhumiwa huenda ana hatia? Jibu likiwa ndiyo, dai limekufa hata kama shahidi muhimu alihama mji na kesi ikaanguka. Katika kisa cha Brooklyn, kwa hiyo, swali lenye uzito halihusu unyanyasaji wa mtoto kabisa. Ni hili: askari aliyeandika kuwa Thompson alizuia kazi na kupinga pingu, alikuwa ameona nini hasa kwa macho yake?

Nguzo ya nia ovu nayo ni ngumu kuliko inavyosikika. Uzembe hautoshi. Upelelezi wa ovyo hautoshi, ingawa upelelezi ukiwa wa ovyo mno jaji anaweza kuanza kujiuliza kama kulikuwa na nia ya kutafuta ukweli. Kinachothibitisha nia ovu mara nyingi ni kitu kilichopo nje ya jalada la polisi: mgogoro wa kiwanja, deni, ugomvi wa mirathi, ujumbe wa simu unaosema "utaozea ndani". Mtu mwenye ujumbe kama huo aulinde. Asiufute kwa hasira, na asibadilishe simu kabla hajaunakili.

Kwa nini hawakumdai shemeji? Wengi huuliza. Kwa sheria za kwetu, anayetoa taarifa polisi kwa nia njema hahesabiki kuwa ndiye aliyeshtaki, hata kama taarifa ilikosewa, kwa sababu polisi ndio waliopaswa kuipima. Hugeuka kuwa mshtaki pale anapojua kuwa anadanganya na uongo wake ndio uliowasukuma. Kwa mgonjwa wa akili, kuthibitisha kuwa alijua ni kazi isiyo na faida.

Karatasi, kisha hoja

Wanaokuja kutafuta msaada huja na simulizi ndefu na mfuko wa rambo usio na kitu cha maana. Simulizi ni ya kweli, lakini dai hili linasimama au kuanguka kwa karatasi. Cha kwanza ni nakala ya hati ya mashtaka. Cha pili ni mwenendo wa kesi wenye amri ya kuifuta, iliyogongwa muhuri wa mahakama na kuthibitishwa kuwa ni nakala sahihi. Mstari ule mmoja ambao hakimu aliuandika kwa mkono ndio ushahidi wako wa nguzo ya nne. Uusome neno kwa neno. Je, upande wa mashtaka ndio uliomba kuondoa? Kwa kifungu gani? Je, mahakama ilifuta kwa sababu mashahidi hawakuja? Kenya kifungu maarufu ni cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa jinai, kinachomwacha mtu aondoke lakini hakizuii kumrudisha. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 157, ilipunguza uhuru huo: Mkurugenzi wa Mashtaka hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya mahakama, na akiiondoa baada ya upande wake kufunga ushahidi, mshtakiwa lazima aachiwe huru kwa hukumu.

Tanzania tumeishi muda mrefu na kero ya mtu kuachiwa na kukamatwa tena hatua chache kutoka mlango wa mahakama, kisha kurudia wimbo wa "upelelezi haujakamilika". Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliweka sharti kwamba aliyeachiwa kwa Mkurugenzi kuondoa mashtaka asikamatwe tena kwa mambo yale yale mpaka pawe na ushahidi wa kutosha na maandalizi ya kuanza kusikilizwa mara moja. Kwa mdai wa fidia, sharti hilo lina faida ambayo sijaona ikizungumzwa vya kutosha: kadiri muda unavyopita bila kesi mpya, ndivyo serikali inavyokiri kwa vitendo kuwa ushahidi haukuwepo.

Weka pia risiti. Hasara mahususi, kama ada ya wakili wa kesi ya jinai, mshahara uliokatwa, nauli za ndugu, duka lililofungwa, ni lazima ziainishwe kwenye hati ya madai na zithibitishwe moja moja, jambo ambalo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kulisisitiza katika shauri la Zuberi Augustino mwaka 1992. Fidia ya jumla, ya aibu na mateso, jaji huikadiria mwenyewe, na makadirio ya kwetu si ya kumtajirisha mtu.

Na kuna karatasi ya kuogopa kuisaini. Mtu aliyechoka mahabusu akiambiwa akiri kosa dogo, alipe faini, yaishe, hushawishika. Tangu 2019 Tanzania ina utaratibu rasmi wa makubaliano ya kukiri kosa. Siwezi kumlaumu anayekubali, hasa katika shtaka lisilo na dhamana ambapo kusubiri ni miaka. Lakini aambiwe waziwazi kabla hajaweka saini: akishatiwa hatiani kwa kukiri, mlango wa fidia umefungwa, na kuufungua tena ni shughuli nyingine kabisa. New York wana ofa yao, ya kuahirisha kesi kwa matarajio kwamba itafutwa baada ya miezi kadhaa mtu akitulia. Inaonekana tamu, lakini chini ya sheria ya jimbo anayeikubali hahesabiwi kuwa kesi iliisha kwa faida yake. Kwa Waswahili walioko Marekani, hili waliulize kwa wakili wa utetezi siku ile ile ofa inapotolewa, maana wakili wa utetezi anawaza jinai tu.

Wakili apatikane wapi? Marekani, anayeshinda kwa kifungu cha 1983 anaweza kuamriwa alipwe gharama za wakili na upande ulioshindwa, na ada ya kulipwa kwa asilimia ya fidia inaruhusiwa, kwa hiyo wapo mawakili wanaojitosa bila malipo ya awali. Kenya makubaliano ya ada inayotegemea ushindi ni batili kisheria, ndiyo maana mashirika kama Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973, yamebeba mzigo mkubwa, pamoja na huduma ya taifa iliyoundwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Tanzania ina sheria yake ya 2017 inayowatambua wasaidizi wa kisheria, na kuna LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake). Msaidizi wa kisheria wa kata hawezi kukusimamia mahakamani, lakini anaweza kukuandikia barua ya kuomba mwenendo wa kesi, na barua hiyo ndiyo hatua ya kwanza.

Saa inayokimbia

Nimeacha kwa makusudi tatizo ambalo uamuzi wa Egbema ulilizaa bila kulitatua. Kama inabidi kusubiri ili ionekane kuwa serikali haitarudi na kesi mpya, isubiriwe mpaka lini? Kule West Nile ilipita karibu miaka mitano. Lakini muda wa kufungua dai la aina hii Tanzania ni miaka mitatu. Kenya, dhidi ya serikali, ni miezi 12 tu, ingawa dhidi ya mtu binafsi ni miaka mitatu. Saa inaanza kuhesabu pale kesi ya jinai inapoisha. Ukisubiri miaka mitano upate uhakika, umechelewa. Ukifungua mapema, mawakili wa serikali watasema bado hujashinda, tunaweza kukushtaki tena. Majaji wa Kenya wamekuwa wakitofautiana kuhusu kuondolewa kwa kesi chini ya 87(a), na Tanzania mjadala haujafika mbali.

Marekani mambo hayo mawili sasa yanakutana siku moja. Mwaka 2019, katika shauri la McDonough dhidi ya Smith, Mahakama ya Juu ilisema kuwa muda, kwa dai la kutungiwa ushahidi, hauanzi mpaka mashtaka yaishe kwa faida ya mshtakiwa. Mwaka 2022 Thompson akaongeza kuwa kuisha huko ni kutotiwa hatiani tu. Siku hakimu anapofuta, mlango unafunguka na saa inaanza. Sioni sababu ya mahakama zetu kutosoma Egbema kwa namna hiyo: miaka mitano ilikuwa ushahidi katika kesi ile, haikuwekwa kuwa sharti.

Hadi jaji aseme hivyo, hesabu kwa tahadhari. Anza siku ile ya kuachiwa, si siku ya kupata nakala. Tanzania, ukiidai serikali, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90 kisha umuunganishe Mwanasheria Mkuu katika kesi itakayofunguliwa Mahakama Kuu, na siku hizo 90 zinakula muda wako. New York ni kinyume: anayetaka kuudai mji kwa sheria ya jimbo ana siku 90 tu za kupeleka notisi, zikipita anahitaji ruhusa ya mahakama. Barua ya kuomba mwenendo wa kesi iandikwe wiki ile ile, ipokelewe masijala, na nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe, maana jalada likipotea hiyo barua ndiyo itakayoonyesha kuwa uliliomba likiwa bado lipo.